Chokaa ndani ya birika: maji magumu ya Micheweni na gharama yake nyumbani

Ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai ni jiwe. Ni jiwe lile lile la matumbawe ambalo watu wa Micheweni hulijengea nyumba, hulivunja kuwa kokoto na hulichoma tanurini kupata chokaa. Kinachotofautiana ni njia lililopita: limeyeyuka kidogo kidogo chini ya ardhi, likapandishwa na pampu, likateremka kwa mfereji hadi nyumbani, kisha likaganda upya lilipokutana na moto. Maji yaliyobeba jiwe hilo huitwa maji magumu. Hayana rangi wala harufu, na mwenye kuyanywa hadhuriki nayo. Lakini sabuni huyalalamikia, vyombo huchakaa kabla ya siku zake, na mwenye nyumba hulipa bila kujua analipia nini.

Mwamba na maji yake

Micheweni ni wilaya ya kaskazini kabisa mwa Pemba, moja kati ya wilaya mbili za Mkoa wa Kaskazini Pemba pamoja na Wete. Ardhi ya kisiwa hiki haifanani pande zote. Magharibi na katikati kuna vilima vya udongo na mchanga, mikarafuu na vijito. Upande wa kaskazini mashariki, kuanzia Micheweni yenyewe hadi Kiuyu na Maziwa Ng'ombe, ni nchi ya maweni: mwamba wa matumbawe uliojengeka baharini zama ambazo kina cha bahari kilikuwa juu kuliko leo, kisha ukabaki nchi kavu. Udongo uliolala juu yake ni haba, na mvua haikai juu kuunda mito. Hupenya kwenye nyufa na mapango na kujikusanya chini.

Maji ya mvua yenyewe ni laini sana, karibu hayana madini. Yanapoanguka hubeba hewa ya ukaa kidogo kutoka angani, na yanapopita kwenye udongo hubeba nyingine nyingi zaidi inayotolewa na mizizi na vijidudu. Hewa hiyo ikiyeyuka majini hufanya asidi dhaifu, ile ile inayochoma ulimi mtu anapokunywa soda. Asidi hiyo hula mwamba wa matumbawe, ambao karibu wote ni kalsiamu kaboneti, na kuugeuza bikaboneti inayoyeyuka. Maji yakikaa mwambani miezi na miaka, hushiba. Kwa hiyo kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, kiwe cha Micheweni, cha mashariki ya Unguja au cha mwambao wa Kenya, kwa kawaida hutoa maji magumu.

Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja ya maji, na hesabu hiyo hujumuisha kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja. Mgawanyo unaotumika sana huyahesabu maji yaliyo chini ya miligramu 60 kuwa laini, 61 hadi 120 kuwa na ugumu wa wastani, 121 hadi 180 kuwa magumu, na yanayozidi 180 kuwa magumu sana. Maji ya Ziwa Viktoria yanayotumika Mwanza yamo katika kundi la laini. Maji ya visima vya mwamba wa chokaa huangukia zaidi katika makundi mawili ya mwisho.

Ndani ya wilaya moja pia hali hubadilika. Msitu wa Ngezi, ulioko magharibi ya wilaya kuelekea Makangale, una sehemu zilizokaa juu ya mchanga mweupe uliochujwa na mvua hadi rutuba na chokaa vikaondoka. Maji yanayopita kwenye mchanga wa namna hiyo hayapati jiwe la kuyeyusha, hivyo huwa laini na yenye uchachu kidogo. Wakaazi wa karibu na Ngezi, wenye mchanga, na wa Kiuyu, wenye maweni, hawawezi basi kuhukumiwa kwa kipimo kimoja, na ushauri unaomfaa mmoja unaweza usimfae mwenzake.

Chokaa na chumvi si kitu kimoja

Ugumu uko wa namna mbili. Ule wa muda hutokana na bikaboneti. Maji yakichemka, hewa ya ukaa hutoka, bikaboneti hurudi kuwa kaboneti isiyoyeyuka, na jiwe hudondoka au kuganda kwenye chombo. Ule wa kudumu hutokana na salfeti na kloraidi za kalsiamu na magnesiamu. Huo hauondoki kwa kuchemsha hata maji yakichemka mchana kutwa.

Kwenye kisiwa, ugumu wa kudumu mara nyingi huwa na asili moja: bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina ugumu unaozidi miligramu 6,000, mwingi wake ukiwa wa magnesiamu, na kloraidi ipatayo miligramu 19,000. Maji baridi ya chini ya kisiwa, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya mwambani. Wataalamu wawili wa Ulaya, Willem Badon Ghyben na Alexander Herzberg, kila mmoja kwa nafasi yake mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, walionyesha kanuni inayotawala hali hiyo: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Tafsiri yake kwa mchimba kisima ni nzito. Pampu ikishusha maji ya kisima kwa mita moja na kuendelea hivyo kwa muda mrefu, chumvi iliyo chini inaweza kupanda kwa makumi ya mita.

Kiasi kidogo cha maji ya bahari kinatosha kuharibu kisima. Lita mbili za bahari zikichanganyika katika kila lita 100 za maji baridi, ugumu huongezeka kwa zaidi ya miligramu 120, na kloraidi hufika karibu miligramu 380 kwa lita, ilhali kikomo cha kiwango cha maji ya kunywa cha Afrika Mashariki ni 250. Ndiyo maana kisima cha karibu na pwani kinachoonja chumvi wakati wa bamvua, au mwishoni mwa kiangazi cha kaskazi kabla ya masika, kinatoa onyo ambalo birika lenye ukoko halitoi. Chokaa huziba, chumvi hula. Chokaa hukaa juu ya chuma na kukifunika, lakini kloraidi hutoboa chuma, hata kile kisichoshika kutu kirahisi.

Birika, jiko na hesabu yake

Chukua nyumba inayochemsha lita 10 za maji kwa siku, za chai na za kunywa, na maji yenye ugumu wa muda wa miligramu 300. Jiwe linaloweza kudondoka ni gramu 3 kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo moja. Si lote linalobaki chomboni, kwa kuwa jingine humiminwa pamoja na maji na jingine halipati muda wa kuganda. Lakini hata robo ya kiasi hicho inatosha kuvisha birika koti la jiwe ndani ya miezi michache.

Ukoko wa chokaa hupitisha joto vibaya. Alumini ya sufuria hupitisha joto mara mia hivi kuliko ukoko huo. Birika lililo juu ya jiko la makaa au la gesi likivaa ukoko, joto hushindwa kuingia upesi, huzunguka ubavuni na kupotelea hewani. Chai huchelewa, makaa huisha mapema, mtungi wa gesi haufiki siku ulizozoea kufika.

Birika la umeme huharibika kwa njia nyingine, na hapo watu wengi hukosea. Katika birika la umeme chanzo cha joto kimezungukwa na maji, hivyo joto karibu lote huishia majini hata kukiwa na ukoko. Bili ya umeme haipandi sana kwa sababu hiyo. Kinachoumia ni chombo chenyewe. Waya wa joto uliofunikwa na jiwe hauwezi kutoa joto lake haraka, hivyo hupanda moto kupita kiasi, hukatika, au huifanya swichi ya usalama izime kabla maji hayajachemka. Majaribio yaliyofanywa na taasisi ya Battelle ya Marekani, ambayo matokeo yake yalitoka karibu na mwaka 2010, yalionyesha picha hiyo hiyo kwa hita za maji: za gesi zilipoteza ufanisi kadiri ukoko ulivyozidi, na za umeme zilibaki na ufanisi wake huku maisha ya waya wa joto yakifupika.

Jambo hili limekuwa na uzito zaidi Pemba tangu mwaka 2010, kisiwa kilipounganishwa na gridi ya taifa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo umeme ulitegemea majenereta, na vyombo vya kuchemshia kwa umeme vilikuwa vichache. Kadiri birika la umeme, pasi, hita ya bafuni na mashine ya kufulia vinavyoingia vijijini, ndivyo jiwe la maweni linavyopata mahali papya pa kukaa.

Chombo kwa chombo

Hita ya maji ya kuogea ndiyo inayoathirika zaidi baada ya birika, kwa sababu hukaa na maji ya moto saa zote. Kadiri joto linavyopanda ndivyo chokaa inavyotoka majini kwa wingi. Hita inayowekwa kwenye nyuzi 60 hujenga ukoko polepole kuliko inayowekwa kwenye nyuzi 75. Matangi mengi ya hita yana fito ya metali laini inayoliwa na kutu badala ya tangi lenyewe. Kwenye maji yenye chumvi fito hiyo huisha mapema na inafaa ikaguliwe.

Mashine ya kufulia huathirika pale inapopasha maji. Inayofua kwa maji baridi haioti ukoko mwingi kwenye waya wa joto, lakini sabuni iliyoungana na kalsiamu hugandamana kwenye ngoma, kwenye mpira wa mlango na kwenye mpira wa kutolea maji, ikiacha harufu na uchafu wa kijivu unaorudi kwenye nguo.

Pasi ya mvuke huziba matundu yake, kisha siku moja hutema matone meupe. Kwenye kanzu nyeupe hayaonekani sana. Kwenye buibui jeusi lililotayarishwa kwa harusi huonekana kutoka mlangoni. Pasi kavu haina tatizo hilo, na mwenye kunyunyizia nguo maji kwa mkono hupata nafuu akitumia ya mvua.

Bomba la mvua la bafuni huziba tundu baada ya tundu, na maji huanza kurukia pembeni. Floti ya tangi la juu na ya tangi la choo hushindwa kufunga vizuri, kwa kuwa jiwe dogo likikaa kwenye mpira wake, maji huvuja usiku na mchana. Mita ya maji nayo inaweza kukwama kwa chembe za chokaa. Chujio la kauri la maji ya kunywa hupunguza kasi kwa sababu vitundu vyake huzibwa na madini pamoja na uchafu, na kulisugua kila mara hulimaliza.

Betri za sola na za gari zinazojazwa maji zinahitaji maji yaliyotoneshwa. Maji ya mfereji yakitiwa ndani, kalsiamu, chuma na kloraidi hudhoofisha sahani za risasi, na betri ya gharama kubwa hufa kwa kuokoa bei ya chupa moja ya maji ya betri.

Sabuni, kunde na chai

Hasara kubwa zaidi huenda haiko kwenye chombo chochote cha umeme, bali kwenye ndoo ya kufulia. Sabuni ya mche ni chumvi ya mafuta na soda. Ikikutana na kalsiamu huacha soda, hushikana na kalsiamu na kuwa utando wa kijivu usiotoa povu wala kuondoa uchafu. Mpaka kalsiamu yote imalizwe, sabuni haianzi kazi. Kwa hesabu ya kemia, ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita humeza zaidi ya gramu 35 za sabuni halisi kabla povu la kwanza halijasimama. Anayefua ndoo nne kwa siku moja ametupa zaidi ya gramu 140 za sabuni chini ya ukuta.

Sabuni ya unga ya kisasa haiathiriki kiasi hicho, kwa kuwa imetengenezwa kwa viambato visivyoshikwa upesi na kalsiamu na huongezwa vilainisha maji. Sabuni ya mafuta ya nazi nayo hutoa povu vizuri kuliko ile ya mafuta ya wanyama, hata kwenye maji yenye chumvi. Mabaharia waliitumia kuogea kwa maji ya bahari. Kwa kisiwa chenye minazi kama Pemba, hiyo ni faida iliyo karibu na mlango.

Jikoni, maji magumu huchelewesha kunde, maharage, mbaazi na choroko. Kalsiamu hushikana na gundi ya asili inayounganisha seli za punje na kuifanya ngumu, hivyo kunde hukaa motoni na kubaki na kokwa. Chembe ya magadi inayotiwa na wapishi wa pwani hufanya kazi mbili: huitoa kalsiamu majini na kuilegeza gundi hiyo. Inafaa iwe kidogo, kwa sababu baadhi ya magadi ya kaskazini mwa Tanzania yana floraidi nyingi, na kuzidisha magadi huharibu ladha na vitamini.

Chai ya rangi huonyesha ugumu kwa macho. Ikiachwa kikombeni kwa dakika chache hufanya utando mwembamba juu, unaometa kama mafuta, na rangi ya chai huwa nzito na isiyong'aa. Utando huo ni muungano wa chokaa na vitu vya majani ya chai. Tone la ndimu huuondoa na kuing'arisha chai.

Afya: hofu na ukweli

Watu wengi huyahusisha maji ya chokaa na mawe ya figo. Ushahidi hauungi mkono hofu hiyo. Mawe mengi ya figo hutokana na kalsiamu oksaleti, na sababu kubwa katika nchi za joto ni kunywa maji machache huku mwili ukitoka jasho jingi. Kalsiamu inayoliwa pamoja na chakula huizuia oksaleti isinyonywe tumboni. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji, na huhesabu kalsiamu na magnesiamu ya maji ya kunywa kuwa sehemu ya lishe. Shirika hilo hutaja tu kwamba ugumu unaozidi takriban miligramu 200 huweza kujenga ukoko, na kwamba maji laini sana, yaliyo chini ya 100, huweza kula mabomba. Floraidi inayoharibu meno na mifupa ya watu wa Arusha na Kilimanjaro ni jambo jingine kabisa, na haifai kuchanganywa na chokaa ya maweni.

Hatari ya kweli kwenye maweni inatoka kwingine. Nyufa zile zile zinazopitisha mvua hupitisha maji ya vyoo bila kuyachuja, na kisima kinaweza kuwa kitamu, cheupe na kichafu kwa pamoja. Zanzibar imepambana na kipindupindu mara nyingi, na mwaka 2009 chanjo ya kumeza ilitolewa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba. Hivyo ukoko wa birika usimfanye mtu aache kuchemsha maji ya kunywa. Birika chafu kwa chokaa husafishwa kwa siki. Ugonjwa wa tumbo hausafishwi hivyo.

Dawa za nyumbani

Ukoko wa chokaa huondoka kwa asidi ya jikoni. Siki nyeupe ya dukani, yenye asidi ya asilimia 5, inaweza kuyeyusha gramu 40 hivi za jiwe kwa lita moja. Maji ya ndimu yana nguvu inayokaribiana nayo. Namna ya kufanya ni hii. Siki na maji kwa kiasi sawa hutiwa birikani mpaka ukoko ufunikwe, hupashwa moto bila kuchemka, kisha huachwa kwa saa moja. Mapovu yanayopanda ni hewa ya ukaa inayotoka, na yakikoma kabla jiwe halijaisha, siki imechoka na inahitaji kubadilishwa. Baada ya hapo birika husuuzwa, huchemshiwa maji safi mara moja, na maji hayo humwagwa. Kufanya hivyo kila mwezi ni rahisi kuliko kungoja ukoko uwe mnene. Bomba la mvua hufunguliwa na kulowekwa usiku mmoja kwenye siki hiyo hiyo.

Yako mambo manne ya kuepuka. Ukoko usikwanguliwe kwa kisu, kwani hukwaruza chombo na kulipa jiwe mahali pa kushika. Asidi ya betri isitumike kamwe. Ni hatari kwa macho na mapafu, na ikikutana na chokaa hutengeneza jasi inayoganda upya. Siki au ndimu isichanganywe na dawa ya klorini ya kufulia, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu. Na sufuria za alumini zisiachwe na asidi muda mrefu, kwa kuwa alumini yenyewe huliwa.

Kinga iliyo bora kwa Micheweni inaanguka kutoka juu. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa huleta lita moja ya maji. Paa la bati la mita za mraba 50 likipata milimita 1,000 hukusanya lita 50,000 kabla ya hasara. Maji hayo hayahitaji kutosha kila kazi. Yakitengwa kwa ajili ya birika, pasi na suuzo la mwisho la nguo nyeupe, lita chache kwa siku zinatosha kukinga vyombo vyote vya moto. Mvua ya kwanza ya masika au ya vuli huachwa ioshe paa, tangi hufunikwa dhidi ya mbu na mwanga, na maji ya kunywa huchemshwa kama mengine. Paa la makuti halifai, kwa kuwa huyatia maji rangi na uchafu. Tangi la plastiki huyaacha laini; la saruji mpya huyaongezea chokaa kidogo mwanzoni.

Kwa kufulia, kijiko kimoja au viwili vya chai vya magadi katika ndoo ya lita 20 huifanya chokaa itoke majini. Maji hugeuka meupe, huachwa yatulie, kisha ya juu huchotwa. Kuyachemsha na kuyaacha yapoe hufanya kazi hiyo hiyo kwa ugumu wa muda, lakini kuni na makaa ni ghali mno kwa maji ya kufulia.

Mashine za kulainisha maji zinazotumia chumvi hubadilishana kalsiamu na sodiamu. Zinafanya kazi vizuri, ila maji yake yana sodiamu zaidi, jambo la kuzingatiwa na wenye shinikizo la damu, na maji ya chumvi yanayooshea mashine hiyo hayafai kumwagwa shimoni juu ya mwamba ambao majirani huchota maji yake. Mitambo ya kuchuja kwa utando, inayotumika kwenye baadhi ya hoteli za pwani, huondoa chokaa na chumvi pia, lakini hutumia umeme na hutupa sehemu kubwa ya maji. Vifaa vya sumaku vinavyofungwa kwenye bomba vimejaribiwa kwa miongo mingi na matokeo yake hayatabiriki. Mwenye fedha chache afadhali anunue tangi.

Kuyajua maji kabla ya kuyalaumu

Jaribio la kwanza halihitaji maabara. Chupa mbili zinazofanana hujazwa nusu, moja maji ya mvua na nyingine maji ya mfereji, na kila moja hutiwa kipande kidogo cha sabuni ya mche kilichopimwa sawa. Zikitikiswa, ya mvua hushika povu papo hapo. Idadi ya vipande vinavyohitajika kuifikisha ya pili hali hiyo ndiyo picha ya ugumu wake. Thomas Clark, mwanakemia wa Aberdeen nchini Uskoti, alijenga kipimo chake rasmi cha ugumu juu ya wazo hilo katika miaka ya 1840, pamoja na njia ya kulainisha maji ya miji kwa chokaa iliyochomwa. Jaribio likirudiwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, povu likiongezeka, ugumu mwingi ni wa muda. Lisipoongezeka, na maji yakiwa na ladha ya chumvi, shaka ielekezwe baharini.

Maabara hupima kwa uhakika zaidi: dawa ya rangi huyafanya maji magumu kuwa mekundu kama rozela, na tone la mwisho la kemikali inayokamata kalsiamu huyageuza buluu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, huruhusu ugumu hadi miligramu 300 kwa maji yaliyosafishwa na 600 kwa maji ya asili. Kwa hiyo maji yanaweza kufaulu kabisa kipimo cha sheria na bado yakaua birika.

Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, ndiyo yenye jukumu la kusambaza maji, na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, ZURA, ndiyo inayosimamia huduma hiyo. Mwananchi anapoambiwa maji ni salama, inafaa aambiwe pia ugumu wake na kloraidi yake kisima kwa kisima, kiangazi na masika. Takwimu hizo zikibandikwa kwenye ofisi ya sheha, fundi atajua hita gani ya kufunga, mama wa nyumbani atajua sabuni gani ya kununua, na kila mtu ataona mapema kama bahari inaanza kupanda. Haja hiyo ni kubwa zaidi kwa kuwa Micheweni imetengwa kuwa eneo huru la uchumi, na kila kiwanda chenye boila kinahitaji maji laini. Pampu zake zitavuta kutoka mwamba ule ule unaowanywesha wanavijiji.

Chokaa ya Micheweni haitakwisha, kwa sababu wilaya imekaa juu yake. Inaweza kuishi na watu kwa gharama ndogo: mvua itengwe kwa ajili ya birika, siki ipite kila mwezi, na maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa. Ila mwenye kisima kinachoanza kuonja chumvi asisubiri birika litoboke. Apunguze kuvuta, atoe taarifa, na majirani zake wafanye hivyo hivyo. Ukoko huondoka kwa siki, lakini kisima kilichoingiwa na bahari kinaweza kuchukua miaka mingi kurudi.